Ngozi ya Nguruwe kwenye Bariere

Nianze kwa kusafisha jina la mtu. Nadège hakuwa kichaa. Alikuwa mbishi, na kati ya kichaa na mbishi kuna tofauti kubwa. Asiyeiona tofauti hiyo basi hajawahi kupatana bei na mama yake Nadège sokoni.

Mimi naitwa Delphin. Ni kwado, yaani fundi wa kuziba matairi, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Kibanda changu kina pampu, beseni la maji ya kutafutia tundu, na tairi kuukuu nililolipaka rangi nyeupe nikalitundika mlangoni liwe kibao. Watu huniletea mipira iliyotoboka, nami huirudishia pumzi. Siku nilipomjua Nadège, yeye hakuleta mpira. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaomba uliokufa.

"Papa Delphin, uko na chambre à air yenye haitaponaka tena?"

"Ya kufunga mbuzi?"

"Ya kuchora."

"Kuchora nini juu ya mupira?"

"Mistari. Nikimaliza mistari, nitachora duara. Nikimaliza duara, utaona mwenyewe."

Nilimpa mpira wa ndani wa pikipiki uliokuwa na viraka vingi kuliko suruali ya mchimba dhahabu. Akaukata, akaukunjua juu ya ubao, akatoa mfukoni kimashine kilichonguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Kaka yake anapitisha mizigo kule Aru, mpakani, na ndiye aliyemtumia kifaa hicho pamoja na wino na sindano. Akainama. Akavuta mstari. Ulitoka umepinda, akautazama kwa hasira, akavuta mwingine. Alishinda pale mpaka nikafunga kazi, na asubuhi yake nilimkuta ananisubiri.

Alikuwa anajifunza tatuu. Kwa mama yake, neno hilo lilikuwa baya kuliko deni. Mama Adeline alikuja Bunia kutoka Butembo zamani, Nadège akiwa bado mgongoni, na tangu hapo anauza nyama ya nguruwe sokoni. Ana sauti inayovuka barabara bila kuangalia magari. Sasa binti yake alianza kumwomba ngozi. Tena si ngozi yoyote. Nguruwe akichomwa manyoya kwa moto, ngozi inakuwa ngumu na wino hauingii. Nadège alitaka kipande kilichomwagiwa maji ya moto na kukwanguliwa kwa kisu, laini, cha tumboni.

"Ngozi inalika na weye unaichora!" Mama Adeline alipiga kelele mbele ya wateja. "Watu wanalala njaa!"

"Mama, nitakutafutia jina mu Bunia muzima."

"Jina haichemkake mu sufuria."

Lakini alimpa. Mama ni mama. Kuna siku vipande vilichanganyika, mzee mmoja akafungiwa kwenye gazeti ngozi yenye ua la waridi na mishale miwili. Aliirudisha akisema yeye ni mtu wa kanisa, na hawezi kula nguruwe aliyekuwa na mchumba. Soko zima lilicheka. Mama Adeline alicheka pia, ingawa alikana baadaye.

Usidhani ilikuwa michezo. Mpira wangu ulimfundisha mkono usitetemeke. Ganda la ndizi mbichi lilimfundisha wepesi, maana ukikandamiza tu linachanika. Chungwa lilimfundisha kina: maji yakichuruzika, ujue umezama kupita kiasi, na mtu hapo angekuwa anatoka damu. Lakini mwalimu mkuu alikuwa nguruwe, kwa sababu ngozi yake inavutika na kulegea karibu sawa na yetu. Nilikuwa natazama hayo yote huku nikiziba matairi, na nakiri nilianza kumheshimu nguruwe.

Mwalimu mwingine alikuwa Hubert, na huyo sikumheshimu. Saluni yake ya kunyolea na kuchora tatuu iko hatua chache kutoka kibandani kwangu. Ukutani kuna simba aliyechorwa, mwenye uso wa mbuzi aliyeamshwa usingizini. Hubert alisema amejifunza kazi Kampala. Labda. Alichorudi nacho kwa hakika ni pakiti moja ya ngozi za plastiki, zile zinazotengenezwa maalumu kwa wanafunzi wa tatuu, laini na za rangi ya mwili. Pakiti hiyo aliitundika juu ya kioo, imefungwa vilevile ilivyotoka dukani, ili mteja akiingia aone kwamba hapa ni kwa profesa. Hakuna mwanafunzi aliyeigusa.

Wanafunzi wake walijifunzia wapi? Juu ya watu.

Alikuwa na desturi aliyoiita Jumamosi ya mikono. Jumamosi asubuhi vijana walikuja kutoka kambi ya wakimbizi wa vita, watu wa Djugu wengi wao, waliokuwa na mashamba na ng'ombe na sasa wana turubai. Anayekubali kutoa mkono wake uchorwe mazoezi alipewa sahani ya maharage na kipande cha sabuni. Zoezi la kwanza lilikuwa lilelile kwa kila mwanafunzi: Hubert alikuwa na kadibodi aliyoitoboa, mistari mifupi iliyolala sambamba, na duara chini yake. Unaiweka juu ya ngozi, unaweka alama, unafuata kwa sindano. Mwanafunzi anajifunza, mwenye mkono anaondoka na zoezi la mtu mwingine mpaka kaburini.

Jumamosi ya kwanza ya Nadège, mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nikasikia kila neno.

"Nadège, leo njo zamu yako. Kamata mashine."

"Nichore nani?"

"Mukono. Hauone mikono?"

"Ninaona watu, patron. Mikono ya bure siione."

"Weye unajifanya nani? Wote walianzia apa. Gauthier alianzia apa."

Gauthier alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana mpole mwenye mkono mzito. Angefaa kukwangua tope kwenye matrekta. Alikuwa ameinama juu ya bega la mtu, na hakuinua kichwa.

"Ngozi ya mutu hainunuliwe na sabuni," Nadège akasema. "Uyu akitoka apa, atazeeka na ile mustari. Miye nitakuwa nimeshajua kazi, nimeshamusahau. Niletee nguruwe."

"Nguruwe halie! Utajua namna gani kama unaumiza?"

"Nitajua juu nitaanza na mwili yangu. Siku mukono yangu itaiva, wa kwanza njo miye."

Hubert alimpokonya mashine ya saluni na kumpa fagio. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuchemsha maji, kuosha mabeseni na kutupa sindano zilizotumika. Hizo alizitupa kweli, zote, ndani ya kopo, na Hubert alimfokea kwamba anaharibu mali. Mtu mwingine angeondoka. Nadège alibaki, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu mwingine mjini anayejua wino gani unachoma na upi unakaa. Alifagia, akasikiliza, akaiba elimu kwa macho. Akitoka pale anakuja kwangu na ngozi yake ya nguruwe. Alijikatia kadibodi sawasawa na ile ya Hubert, tundu kwa tundu, akalirudia zoezi la kwanza mpaka nikaliota.

Sasa nimlete Fiacre. Huyu alikuwa rafiki yangu. Alitoka upande wa Djugu na mke wake Emerance na watoto, wakakaa kambini. Asubuhi alivuka bariere, ile kamba iliyokingama barabarani pale mji unapoishia, akaenda kulima kibarua katika mashamba ya mihogo ya watu. Jioni alirudi, akakaa kidogo kibandani kwangu, akanicheka kwa jinsi ninavyoshika jembe kwenye kishamba changu nyuma ya nyumba. Mtu huyo angeweza kukuambia udongo unataka nini kwa kuunusa tu.

Jumamosi moja nilimwona anatoka kwa Hubert amefunika mkono wa kushoto kwa kitambaa, sabuni mkononi.

"Fiacre, na weye?"

"Sabuni ni sabuni, Papa Delphin. Watoto hawana nguo safi ya kuenda nayo ku kanisa."

Nilitaka kumkemea. Kisha nikafikiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimempa sabuni, nikanyamaza.

Aliyemchora alikuwa Gauthier, na Gauthier alizama. Mistari ilivimba, ikatoa usaha, na ilipopona ikasimama juu ya ngozi kama matuta madogo meusi. Na hapa lazima nieleze kitu kwa yule asiyekaa Ituri, mkoa wetu huu. Kuna wapiganaji msituni ambao huchanjwa kwa wembe na kupakwa dawa nyeusi kwenye majeraha, wakiambiwa risasi itageuka maji. Kwa hiyo kwenye bariere askari anaweza kumwambia kijana avue shati, akamtazama mabega na kifua. Anatafuta mistari mifupi, imesimama, myeusi. Hubert alikuwa anaishi Bunia kama sisi sote. Alipitia bariere hizo hizo. Hakuwahi kujiuliza zoezi lake linafanana na nini. Sisi pia, tuliopita pale kila siku na kuona, hatukujiuliza. Hilo ndilo linalonichoma.

Jumanne moja, jua likiwa limepanda, Emerance aliingia saluni mbio, kanga imemfunguka nusu. Nilitoka kibandani nikamfuata.

"Walimukamata Fiacre ku bariere! Walimuambia avue shati, waliona ile mistari yenu, wanasema iko chanjo ya musituni. Gari ya saa kumi njo itamupeleka ku gereza ya mbali. Papa Hubert, tafazali, twende uwaambie ni weye!"

Alimpigia magoti. Hubert alikuwa anamnyoa mteja ndevu, na hakuusimamisha wembe.

"Mama, miye simujue huyu mutu."

"Unamupa sabuni!"

"Ninapa watu wengi sabuni. Nikienda kule kusema mistari ni yangu, wataniuliza ni wangapi. Watanifungia miye. Hapana."

Gauthier alikuwa amekaa kwenye kona. Aliinamisha kichwa, akaanza kujifuta wino vidoleni. Namshukuru angalau kwa aibu yake, kwa sababu Hubert hata hiyo hakuwa nayo.

Nadège aliweka fagio chini. Hakulitupa, aliliegemeza ukutani polepole, na hapo nikajua tumekwisha. Aliingia chumba cha nyuma, alipokuwa anaweka vitu vyake, akatoka na beseni lililofunikwa kitambaa, kadibodi yake kwapani na mfuko wa mashine begani. Akanipita mlangoni.

"Papa Delphin, washa moto," akasema, akimaanisha pikipiki yangu.

"Tunaenda wapi?"

"Bariere."

"Na beseni?"

"Na beseni."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nina mke, nina tairi la watu linaloningoja, na kwamba pale hawaendi watu na mabeseni. Huku nasema hivyo, mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta ufunguo wa pikipiki. Tulipanda wote watatu, Emerance katikati amelishika beseni, likigonga kiuno changu kila shimo. Na barabara ile ina mashimo.

Fiacre alikuwa ameketi chini kando ya kamba, kifua wazi, mikono imefungwa kwa shati lake mwenyewe. Mkuu wa pale alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati. Alikuwa mtu mkavu, macho mekundu ya asiyelala, na mbele yake bunduki za vijana wake zilikuwa zinatazama kila upande. Nadège alitembea moja kwa moja mpaka kwake. Mimi nilibaki karibu na pikipiki nikijifanya ninaiangalia plagi.

"Jambo chef. Nimeleta ndugu ya uyu mwenye munafunga."

"Ndugu yake yuko wapi?"

Nadège akafunua beseni. Ngozi ya nguruwe ilikuwa imelala pale, nyeupe, yenye unyevu, na juu yake mistari mifupi sambamba na duara chini. Akainyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha kitambaa sokoni.

"Njo uyu. Chef, mumuangalie muzuri. Uyu nguruwe aliingia musituni siku gani?"

Askari wawili waliangua kicheko. Mkuu hakucheka. Aliinuka, akaichukua ile ngozi kwa ncha za vidole, akaenda kuiweka kando ya mkono wa Fiacre. Mstari kwa mstari, duara kwa duara, nafasi ileile. Alitazama muda mrefu. Kisha akageuka, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi weye njo unawachoraka. Weye njo munganga wao."

Kicheko cha askari kilikatika. Emerance aliweka mkono mdomoni. Nilifikiri: tulikuja kumtoa mmoja, sasa tutabaki wanne.

Nadège alirudi nyuma hatua moja. Nilimwona, usiniambie kwamba hakuogopa. Lakini alipofungua mdomo, hasira ilikuwa imeshapita mbele ya woga.

"Munganga wa nguruwe, chef? Dawa inafanyikaka mu siri. Miye nitafanya apa, mbele yenu, na jua iko juu. Muangalie kama kuko dawa. Papa Delphin! Leta batri!"

Nilitoa betri ya pikipiki kwa vidole vilivyosahau kazi yao. Nikaunganisha nyaya, nikashika. Yeye alinawa mikono kwa maji ya chupa aliyomiminiwa na Emerance, akapasua karatasi ya sindano mpya, akaiinua askari waione, akaifunga kwenye mashine. Akaketi chini karibu na Fiacre. Akaikunja mikono ya blauzi, akaweka kadibodi juu ya mkono wake wa kushoto, mahali pale pale Fiacre alipochorwa.

Hapo nikakumbuka. Hakuwa amewahi kugusa ngozi ya mtu. Alikuwa amesema wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe, siku mkono ukiiva, kwa utulivu, labda ua dogo pajani. Badala yake ilikuwa ni hapa, vumbini, chini ya bunduki, na zoezi alilolichukia.

Mashine ikanguruma. Akavuta.

"Mustari ya kwanza," akasema, kama mwalimu wa shule ya msingi. "Ni ya kujifunza kuvuta bila kusimama. Ya pili, ni ya kujifunza kina. Muone, hauzami. Yake ilizama sababu mwenye alimuchora alikuwa anajifunza, na hakuna mutu alimufundisha ku nguruwe kwanza." Alifuta damu kidogo kwa kitambaa safi. Askari walikuwa wamesogea, shingo zimerefuka. Mmoja alisahau bunduki yake imeegemea kiti. "Ya mwisho njo duara. Duara njo inasumbuaka mukono, juu lazima mwisho ikutane na mwanzo."

Ilikutana. Akazima mashine. Akainua mkono wake, akauweka kando ya mkono wa Fiacre na ngozi ya nguruwe, vitu vitatu vyenye alama moja.

"Sasa tuko watu wawili na nguruwe moja. Mutufunge wote, ao mutuachie wote."

Mkuu alichuchumaa mbele yake akauangalia mkono, akaona ulivyo laini, wino umelala ndani ya ngozi bila tuta.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma, chef."

"Juu ya nini haukumuchora mwengine? Apa kuko mikono mingi."

"Haiko yangu."

Mkuu akasugua uso wake kwa kiganja. Akasimama.

"Mumufungue."

Fiacre hakuweza kusimama mara moja, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Emerance alimvalisha shati kama anavyomvalisha mtoto, kifungo kwa kifungo, akilia kwa sauti bila kuona aibu. Mimi pia nililia. Nilisema ni moshi wa gari.

Tulipoanza kuondoka, mkuu akaita.

"Ile nguruwe ibaki."

"Chef, hailike. Iko na wino."

"Sitakula. Nitaonyesha wa zamu ya kesho, wajue."

"Itaoza."

"Basi utaleta ingine."

Na kweli Nadège alipeleka nyingine.

Jumamosi iliyofuata, vijana wa kambi walikuja kwa Hubert kama kawaida. Nadège alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, mkono wa blauzi umekunjwa. Kila aliyefika alimwonyesha mistari, akamweleza Fiacre alikaa wapi Jumanne na gari la saa kumi lilikuwa linakwenda wapi. Hakuwafukuza, aliwaambia tu. Mmoja mmoja waligeuka. Wengine waligeuka wakitukana, na hawakumtukana Nadège.

Hubert alitoka akiwa mwekundu wa macho. "Toka mu salon yangu! Toka!"

"Ninatoka, patron. Nilisahau kitu kimoja."

Akaingia ndani, akapanda kiti, akaishusha ile pakiti ya ngozi za plastiki kutoka juu ya kioo. Akaipasua. Sauti ya ile plastiki ikichanika niliisikia mpaka barabarani, na mpaka leo nikiikumbuka natabasamu. Akatoa ngozi moja, akaiweka mbele ya Gauthier.

"Jifunze apa. Ikiisha, kuja kwa mama yangu, atakupa ya nguruwe. Ya tumbo, yenye haikuchomwa."

Hubert alipiga kelele kwamba ameibiwa. Nadège alikuwa ameshatoka, mikono mitupu. Gauthier, nimsifu hapa, alichukua kadibodi ya patron wake na kuanza kuvuta mstari juu ya plastiki, mbele yake, bila kuomba ruhusa. Ulipinda vibaya sana.

Nadège alihamishia kazi yake kwangu. Tuligawa kibanda: upande mmoja mipira iliyotoboka, upande wa pili watu wenye ngozi zao. Mama Adeline alituletea pazia, akisema halifai kwa nyumba, linafaa kwa kibanda. Lilikuwa pazia lake zuri kuliko yote.

Lakini Fiacre alikuwa hajapona. Yule mkuu alihamishwa, wakaja wengine, na Fiacre hakuthubutu tena kuvuka. Mashamba ya mihogo yapo ng'ambo ya kamba. Mtu aliyejua kunusa udongo sasa alikuwa anabeba magunia sokoni na kurudi kambini ameinamisha kichwa. Alikuja akavua shati.

"Nadège, ufunike hii kitu."

"Bado. Mukono yangu haijaiva ku ngozi yenye ilisimama. Nikiharibu mara ya pili, nitakuwa sawa na wale."

"Miye ninakubali."

"Weye unakubali, miye sikubali."

Nilimkasirikia siku hiyo. Nilimwambia mtu anataka kula, wewe unataka sifa. Alikwenda kwa mama yake akaleta ngozi, akaichora zoezi la kwanza kwa kuzama makusudi, kama Gauthier, akapenyeza uzi chini ya kila mstari ili matuta yawepo. Kisha akaanza kutafuta namna ya kuyageuza. Alijaribu samaki, ikawa kituko. Alijaribu ngazi, ikabaki ileile mistari imepata miguu. Alijaribu ndege, nikamwambia ndege huyo ni Hubert, akacheka mpaka akaweka mashine chini. Kila siku ngozi, kila siku beseni. Fiacre alipita kila jioni, akachungulia, akaondoka.

Jibu alilipata kwa mama yake. Mama Adeline alikuwa anafunga nyama kwenye jani la mgomba, Nadège akalitazama lile jani: uti katikati, na mistari sambamba ikitoka pembeni. Akakimbia nalo kibandani, mama yake akimpigia kelele amrudishie jani lake. Mistari ya Gauthier ikawa mishipa ya jani. Duara likawa tone la maji kwenye ncha. Alilichora juu ya nguruwe mpaka sikuona tena, hata nikitafuta, mahali zoezi lilipokuwa. Ndipo akamtuma mtu amwite Fiacre.

Fiacre alikaa mchana mzima, mkono umelazwa juu ya goti. Nadège alipomaliza, Emerance aliugusa ule mkono kwa upande wa kidole. Jani lilikuwa limepinda kidogo kwa upepo. "Ile iko ya kwetu," akasema. "Nyuma ya nyumba yetu yalikuwaka vile." Kidonda kilipopona, Fiacre alichukua jembe, akavuka kamba, na hakuna aliyemwambia avue shati mara mbili.

Nadège hakufunika yake. Nilimwuliza, mama yake alimwuliza, wanakwaya wa mama yake walimwuliza kwa sala. Ipo mpaka leo, mistari mitupu na duara, kama alivyoichora vumbini.

Juzi nilimpeleka pamoja na mama yake kununua nguruwe upande wa ng'ambo. Kwenye bariere palikuwa na askari mpya, kijana. Kabla hajafungua mdomo, Nadège alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi na kuuweka mbele ya macho yake.

"Hii nini?" askari akauliza, akakaza mkono kwenye mkanda wa bunduki.

"Zoezi ya kwanza ya tatuaje."

"Dada, ufunike basi. Itakuletea matata."

"Ya wengine nitafunika. Yangu inabaki wazi. Siku utakuta mutu mwenye iko na mustari kama hii, hautamufunga kwanza. Utakuja kuniuliza miye."

Kisha akamtajia jina lake lote, na kibanda chenye tairi jeupe, akabaki amesimama na mkono wake hewani mpaka yule askari akalirudia jina bila kukosea.